Mfanyakazi Aliyechoka Si Mvivu

*Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakazi na wafanyakazi wa Mai Mahiu, katika juma la Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 2024. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.*



Kila tarehe 10 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Akili, na mwaka huu imechaguliwa mada ya afya ya akili mahali pa kazi. Nimeombwa niseme machache kuhusu jambo hilo. Mimi si daktari. Kazi yangu ni habari: kuuliza, kusikiliza na kuandika. Kwa hivyo sitampima mtu hapa wala kumwandikia dawa. Nitasema tuliyojifunza kuhusu uchovu wa kazi katika miaka ya korona, na kwa nini somo hilo linatuhusu sana sisi wa Mai Mahiu baada ya yaliyotupata mwezi Aprili.

Uchovu wa aina gani?

Tuanze na jina, kwa sababu watu wengi wakisikia "amechoka na kazi" hudhani anayetajwa ni mvivu.

Ukilima tangu alfajiri hadi jua la utosi, ukala, ukalala, asubuhi mwili umerudi. Huo ni uchovu wa kawaida, na hauna neno. Uchovu ninaouzungumzia leo hauondoki kwa usingizi wa siku moja. Unaamka nao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kwa dalili tatu. Ya kwanza ni nguvu kwisha kabisa. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, ukawa unawachukia au huwajali tena watu unaowahudumia. Ya tatu ni kuona kwamba hata ukijitahidi vipi, kazi yako haifanikiwi.

Hebu tazama mifano ya hapa kwetu. Muuguzi aliyekuwa akimwita kila mgonjwa mama au baba, siku hizi anaita namba tu. Mwalimu aliyekuwa akibaki na watoto jioni kuwasaidia hesabu, sasa kengele ikilia ametoka. Makanga aliyekuwa na utani na abiria, sasa kila neno ni matusi. Tunasema tabia imeharibika. Mara nyingi tabia haikuharibika, bali mtu ameishiwa.

Kuna jambo moja katika maelezo ya shirika hilo ambalo naomba mlibebe hadi nyumbani. Halikuuita uchovu huu ugonjwa. Lilisema unatokana na shinikizo la kazi la muda mrefu ambalo halikushughulikiwa vizuri. Maana yake ni kwamba tukimwona mfanyakazi ameishiwa, swali la kwanza lisiwe "huyu ana nini?" Liwe "kazi yake imepangwaje?"

Wasiwasi ni jirani wa uchovu huo, ila si kitu kimoja. Wasiwasi ni hofu ya jambo ambalo halijafika: kesho nitaitwa kazini au nitaambiwa nikae nyumbani? Nikirudi jioni nitakuwa nimewaletea watoto ugonjwa? Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Wakati wa korona wengi wetu tulikuwa navyo.

Korona ilivyowapata wafanyakazi wetu

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa. Tarehe 27 mwezi huo ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Mji wetu unaishi kwa barabara. Lori linaloteremka kutoka juu, gari linaloelekea Narok, basi linalokwenda Naivasha na Nakuru, yote yanapita hapa. Mji wa njia panda hula jioni na usiku, madereva wanaposimama kula na kulala. Kafyu iliyafuta masaa hayo. Mwenye hoteli, mpishi wake, mwosha vyombo, msichana wa chai na kijana wa kuosha magari wote walipoteza kipato kwa tangazo moja.

Matatu ya watu 14 iliamriwa kubeba 8. Mafuta hayakupungua bei kwa sababu abiria wamepungua, na mwenye gari bado alitaka hesabu yake jioni. Dereva akawa anaendesha gari nusu tupu akiwa na mawazo mengi. Kule kando ya Ziwa Naivasha soko la maua la Ulaya liliporomoka mwezi huohuo wa Machi. Maua yalitupwa, na wafanyakazi wengi wakarudishwa nyumbani bila kujua wataitwa lini. Walimu wa shule za kibinafsi, wengi wao wakilipwa kutokana na karo ya mwezi, walikaa miezi bila mshahara. Shule zilifunguliwa kwa madarasa yote mwezi Januari 2021.

Madereva wa malori ya masafa walikuwa na shida yao. Wao waliruhusiwa kupita, kwa kuwa chakula na dawa lazima zifike. Lakini walitakiwa kupimwa kabla ya kuvuka mpaka, na kule Malaba foleni ya malori ilifika makumi ya kilomita. Dereva alilala ndani ya gari siku kadhaa, bila choo cha karibu wala mahali pa kuoga. Alipofika mjini, watu waliokuwa wakimkaribisha kwa chai wakamkimbia. Kufanya kazi ambayo nchi nzima inaihitaji huku ukitazamwa kama wewe ndiwe ugonjwa ni mzigo mzito.

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 26 Machi 2021. Serikali ilitangaza kwamba kaunti tano, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru yetu, zimewekwa katika eneo moja na hakuna kutoka wala kuingia. Sisi wa Mai Mahiu tuko ukingoni mwa eneo hilo. Kwenda Nairobi kuliruhusiwa, lakini Narok, ambako wengi hununua mazao na mifugo, kulikuwa nje. Amri hiyo iliondolewa mwanzoni mwa Mei, na kafyu ikaendelea hadi tarehe 20 Oktoba 2021.

Sikusudii kuzilaumu hatua hizo. Ugonjwa uliua Wakenya zaidi ya 5,600 kwa hesabu ya serikali, na kila mmoja alikuwa wa familia fulani. Ninachosema ni kwamba wafanyakazi walibeba hatua hizo mabegani, na wengi hawakuwahi kuulizwa wako vipi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Hapa Kenya, jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilitoa ripoti yake Julai 2020, na likapendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Waliobaki kazini

Kuna waliopoteza kazi, na kuna waliobaki kazini wakatamani wasingebaki. Hapa ninawataja wahudumu wa afya.

Mnamo Julai 2020 nchi ilimpoteza Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza Mkenya kutangazwa kuaga kwa korona akiwa kazini nchini. Mwezi Desemba akafuata Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumu katika kituo cha kuwatenga wagonjwa. Chama cha madaktari kilisema aliaga akiwa hajalipwa mshahara wa miezi kadhaa na hana bima ya matibabu. Mwezi huohuo, tarehe 7, wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma. Madaktari wakafuata tarehe 21. Madai yao yalijulikana: vifaa vya kujikinga vinavyofaa, bima, wafanyakazi wa kutosha, na malipo.

Ukiyatazama madai hayo vizuri, utaona kwamba hayakuwa ya watu wanaotaka kukimbia kazi. Yalikuwa madai ya watu wanaotaka kuweza kuifanya.

Utafiti unawaunga mkono. Katika mwaka wa kwanza wa janga, watafiti waliwahoji wahudumu wa afya wa Ghana na Kenya. Waliwauliza kama wanahisi wameandaliwa kukabili korona, wana shinikizo kiasi gani, wamechoka kiasi gani, na wanaridhika na kazi yao au la. Jibu lilikuwa wazi. Waliohisi wameandaliwa walikuwa na shinikizo kidogo, uchovu kidogo, na waliridhika zaidi na kazi. Ambao hawakuhisi wameandaliwa, hali yao ilikuwa kinyume.

Angalieni neno hilo, kuandaliwa. Ugonjwa ulikuwa uleule na hofu ilikuwa ileile. Tofauti kubwa ilikuwa kama mtu ana barakoa na glavu, amefunzwa la kufanya, anajua mgonjwa akizidiwa atampeleka wapi, na anajua yeye mwenyewe akiugua nani atamtunza. Mtu aliyeandaliwa anaweza kufanya kazi ngumu na bado akaipenda. Asiyeandaliwa huchoka hata kabla ya zamu kuanza, kwa sababu wasiwasi wenyewe ni kazi ya pili isiyolipwa.

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Ni kweli, lakini sisi wa mji huu wenye jina la maji moto tunajua pia kwamba yanamchoma anayeyabeba bila kishikio.

Aprili yetu

Ndugu zangu, ingekuwa rahisi kusema korona imeisha tuache habari zake. Lakini alfajiri ya Jumatatu, tarehe 29 Aprili mwaka huu, maji yaliteremka kwa kishindo kutoka upande wa Kijabe yakaikumba Kamuchiri na majirani zake. Watu zaidi ya 45 walipoteza maisha. Familia zilizookoka zilikwenda kukaa katika shule ya wasichana ya Ngeya. Mko hapa mliozika. Mko hapa mnaoamka usiku mkisikia mvua juu ya mabati. Poleni tena.

Leo nataka tuwataje waliofanya kazi siku hizo. Vijana wetu walichimba matope kwa mikono kabla ya mashine kufika. Wapo watu wa Msalaba Mwekundu na vikosi vya serikali. Wapo wahudumu wa afya ya jamii waliokuwa wakihesabu nani yupo na nani hayupo, huku baadhi yao wakitafuta jamaa zao wenyewe. Wapo waendesha bodaboda waliobeba majeruhi bila kuuliza nauli, na kina mama waliopika. Wapo machifu na wazee wa vijiji walioulizwa maswali ambayo hayana jibu. Wapo pia walimu waliorudi darasani wakakuta madawati yenye nafasi.

Na kumbukeni kwamba siku hiyo madaktari nchini walikuwa katika mgomo ulioanza katikati ya Machi na ukaisha tarehe 8 Mei. Sitaingia katika nani alikuwa na haki. Ninasema tu kwamba miaka minne baada ya korona, janga lilitukuta tena na malalamiko ya malipo yakiwa mezani, na waliokuwa zamuni wakabeba zao na za wenzao. Somo tulilolipia kwa gharama kubwa mwaka 2020 hatukuwa tumelimaliza.

Watu hawa wengi walirudi kazini juma lililofuata kama kwamba hakuna kilichotokea. Baadhi yao sasa wana zile dalili tatu nilizotaja. Na sisi tunasema wamekuwa wakali, wamekuwa walevi, wamekuwa wavivu.

Tufanye nini?

Kwanza ninasema na waajiri, nikianza na sisi wenyewe serikalini, kwa sababu kaunti ni mwajiri mkubwa. Hatuwezi kumhubiria muuguzi kuhusu kupumzika huku mshahara wake umechelewa. Hakuna semina inayoweza kuchukua nafasi ya malipo kwa wakati. Mkazi ana haki ya kutuuliza hilo, katika vikao vya bajeti vya umma na mbele ya mwakilishi wenu wa wadi, na mkiuliza mtakuwa mnajitetea wenyewe. Muuguzi aliyeishiwa ndiye atakayemshika mtoto wako akizaliwa.

Pili, sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo baada ya kutumika miezi 12 mfululizo. Kanuni za magari ya abiria zinamkataza dereva kuendesha zaidi ya saa 8 kati ya saa 24. Kwa wenye magari mlioko hapa: barabara yetu ya kuteremka mlimani mnaijua. Dereva anayesinzia huko hakuwa na usingizi tu. Alikuwa na hesabu ya jioni kichwani. Ukimpunguzia, umeokoa gari lako na abiria.

Tatu ni taarifa, na hapa nazungumza kuhusu kazi yangu. Wakati wa korona watu walikaa mbele ya televisheni kila alasiri wakingoja Wizara ya Afya iseme idadi na amri mpya, kisha simu zikajaa uvumi hadi usiku. Wasiwasi hula pale habari zinapokosekana. Kwa hivyo katika kila mahali pa kazi, iwe hospitali, shule, shamba au steji, dharura ikitokea awepo mtu mmoja wa kutoa taarifa, kwa saa inayojulikana, hata kama taarifa yenyewe ni kwamba bado hatujajua. Mfanyakazi akijua kwamba saa kumi ataambiwa ukweli, anaweza kufanya kazi hadi saa kumi.

Nne, baada ya dharura, msiwaache watu warudi tu kazini. Waketini pamoja, wale waliokuwa zamu moja, hata nusu saa. Kila mtu aseme aliona nini na anahitaji nini. Wapangiwe mapumziko kwa zamu ili asibebe mmoja kila kitu. Na washukuriwe kwa majina yao. Asante haigharimu pesa, ingawa haichukui nafasi ya pesa.

Sasa nasema na wewe mfanyakazi. Ukiona majuma yanapita huna usingizi, moyo unakwenda mbio bila sababu, unawafokea watoto, huoni raha ya kitu ulichokipenda, au pombe ndiyo inayokulaza, usingoje uanguke. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Kwa kina baba nasema kwa mkazo: kunyamaza si uanaume. Nenda kituo cha afya cha Mai Mahiu useme kama unavyosema kuhusu malaria, "Daktari, silali, nina wasiwasi." Watakusikiliza au watakuelekeza Naivasha. Unaweza pia kupiga simu 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo, ukazungumza na mtu aliyefunzwa. Na mwenzako akikwambia amechoka kuishi, usimwache peke yake na usimhubirie. Mpeleke kwa wahudumu wa afya siku hiyohiyo.

Kwa wenzetu kazini na majirani, kazi yenu ni kuuliza mara ya pili. Ukimuuliza Mkenya "uko poa?" atasema "niko poa." Ndivyo tulivyolelewa. Uliza tena, ukae chini, umngoje ajibu.

Kabla ya mvua

Nimalizie kwa jambo linalotungoja. Mvua za mwisho wa mwaka ziko karibu. Hatujui zitakuwaje, lakini tunajua zikija, watu walewale ndio watakaoitwa usiku: muuguzi, mhudumu wa afya ya jamii, chifu, mwendesha bodaboda, kijana mwenye sepetu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka dunia hupoteza siku za kazi bilioni 12 kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima. Hesabu yetu ni ndogo na tunaijua kwa sura. Kabla mawingu hayajakusanyika, kila msimamizi aliye hapa ajiulize maswali manne kuhusu watu wake: wana vifaa? Wanajua la kufanya? Wamelipwa? Wamepumzika? Penye jibu la "hapana" ndipo pa kuanzia kesho asubuhi, wakati bado kuna jua.

Na nyinyi wakazi mtuulize sisi wa kaunti maswali hayohayo. Mtuulize hadharani, na mtuulize tena mwezi ujao.